Ramani Mbili za Mkazo

Alhamisi, Aprili 2004

Dkt. Mutua, mwanafizikia, ameniambia leo kwamba mkazo ndani ya chuma, atomu kwa atomu, hauna ramani moja. Kanuni mbili za kwanta, zote sahihi, zinatoa picha mbili tofauti: moja imejaa nyekundu ya mkazo mkubwa, nyingine haina. Jumla tu ndiyo inayolingana.

Mhariri wa gazeti letu anataka picha moja na kichwa "Daraja la Masii Hatarini".

"Wasomaji si maprofesa, mzee. Nipe ile nyekundu."

Lakini Mutua alipiga hesabu ya kipande cha chuma safi, si ya daraja. Mama yake hulivuka kila siku ya soko.

"Mkichapisha hivyo, mwaitu, mama yangu, ataliogopa, avukie mtoni," alisema.

Na mto umejaa.

Nimekataa jina langu litumike kwenye habari hiyo. Hilo halizuii kitu. Kurasa zinafungwa kesho jioni. Asubuhi nitakuwa mlangoni kwa mhariri, na ramani zote mbili mkononi.