Shangazi Kashikwa na Karate

Gaju weee! Nakupigia nimejifungia chooni. Usicheke kabla sijamaliza.

Unamjua Gahongayire, shangazi wa Mama, yule anayekumbatia watu mpaka mbavu zinalia? Leo ndiyo nimejua kilichotokea 1991, Baba alipokwenda kwa kina Mama kujitambulisha.

Enzi hizo Baba alikuwa ameanza karate juzijuzi pale Gitega, kichwa kimemvimba. Mwalimu kamwambia, mtu akikushika nguo, bana mkono wake kifuani, geuka, inama. Usifikiri!

Basi hakufikiri.

Kafika langoni na koti la kuazima. Shangazi akamdaka kola kwa mikono miwili, amvute amkumbatie, kama anavyosalimu dunia nzima. Baba kabana. Kageuka. Kainama.

Shangazi kapaa, Gaju. KAPAA! Katua kwenye rundo la majani ya migomba. Koti likachanika mgongo mzima. Babu keshashika fimbo.

Shangazi akakaa kitako, akatema jani, akasema: "Mpeni mke. Huyu atalinda nyumba."

Sasa leo mchumba wangu Manzi kaja kujitambulisha. Shangazi kamdaka koti. Manzi wa watu akamkumbatia kwa upole, akamuuliza magoti yanaendeleaje!

Shangazi: "Huyu hapana."

Hapana, Gaju! Eti kwa sababu hakumrusha!

Nachungulia dirishani hapa. Baba yuko uani anamfundisha Manzi: bana, geuka, inama. Manzi anatoka jasho.

Na Shangazi keshavua viatu, anasubiri.