Ng'ombe Wavuke Kurudi

Bukavu, 3 Juni 2024

Papa,
Salamu nyingi. Sisi wazima, maman amepona malaria. Mkutano wa kugawana maji ya mto Ruzizi unaendaje? Bibi Bibiane ametuma habari toka Luvungi: mpunga unakauka.

Nimewapigia hesabu kwa ile nadharia ya michezo ninayosoma, ya kupima kila upande utachagua nini. Kila upande ukichota kwa kiasi, wote watavuna. Mmoja akiwa na pupa, mwenzake anaumia. Waambie wa ng'ambo ya mto: mkifungua mifereji yote, nasi tutafungua yote, tukose pamoja. Wakikuamini, watasaini.
Mutoto wako, Chancelle

Bujumbura, 7 Juni

Mutoto wangu,
Afya iko, usingizi hakuna. Nilisema kama ulivyoandika. Mzee Déogratias, baba ya mchumba wako, ndiye anaongoza upande wao. Alicheka: "Mukwe, utanikaushia shamba, na ngombe zangu za mahari ziko kwako Nyantende?" Ukumbi mzima ukacheka. Mukwe hatishiwi, unajua. Hesabu yako inasemaje hapo?
Papa yako

Bukavu, 8 Juni

Papa,
Pole kwa aibu hiyo. Hesabu inasema vitisho vya mtu aliyefungwa kamba haviaminiki. Ikate. Rudisha ng'ombe, akishasaini, watawaleta tena.
Chancelle wako

Bujumbura, 9 Juni

Mutoto wangu,
Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Ng'ombe wa mahari wakivuka kurudi, uchumba umekufa. Sijawahi kuona waliorudi mara ya pili. Na Cédric wako ni kijana muzuri. Nijibu, nami nitafuata neno lako.
Papa

Bukavu, 9 Juni

Papa, rudisha.
C.

Bujumbura, 21 Juni

Mutoto wangu,
Nisamehe kukaa kimya. Ng'ombe walipofika kwake, Déogratias aliingia ukumbini bila kunisalimu. Alinisikiliza nikirudia onyo letu, safari hii hakucheka. Amesaini. Maji yanashuka Luvungi. Nilimpa mkono, akaupita. Cédric amekuandikia?
Papa yako

Bukavu, 22 Juni

Papa mpendwa,
Hujambo? Bibi amepiga simu, furaha tupu, anakuombea baraka. Maman hasemi nami.

Kuna hesabu moja sikukuandikia. Nilikadiria kwamba Cédric atabishana na baba yake, avuke mwenyewe, bila ng'ombe, aje mpaka hapa mlangoni. Ndiyo niliyoiamini kuliko zote, na ndiyo maana nilikujibu haraka vile. Nalia, Papa, nakuambia wazi.

Hajaandika. Rudi salama.
Mutoto wako, Chancelle