Nilivyomzungushia Mama Afi

Accra, Jumapili

Mama Mdogo Dzifa,

Samaki wako wa moshi wamefika, na bweni zima linanukia. Mama ameshashona nguo ya mahafali yangu. Anajua nikimaliza shahada ya lugha nitafundisha.

Mama Mdogo, nimeamua kusomea udaktari. Nimeanza kujifunza kemia na watoto wa mwaka wa kwanza. Siku ile nilipoingia darasani waliinuka wote. "Madamu, tukae?" Walidhani mimi ndiye mwalimu! Nilicheka nao, kisha nikaketi kiti cha nyuma kabisa. Kemia yenyewe naiogopa kweli.

Utauliza nimerogwa na nani. Unakumbuka nilikuwa nawatafsiria wagonjwa maneno ya madaktari kwa Kiewe, lugha yetu, hospitalini? Daktari alisema nimwambie Mama Afi, muuza samaki, kwamba asipokatwa mguu wiki ile atakufa. Wewe ulinifundisha kuwa mtu mzima hatupiwi habari mbaya usoni, huzungushiwa taratibu. Basi nikazunguka. Nikamwambia mguu unataka uangalizi, asiuchoshe. Akanibariki, akarudi zake kijijini.

Miezi miwili iliyopita mwanawe alikuja kunialika mazishini. Akanishika mikono yote miwili: "Dada, mama alisema ni wewe tu uliyeongea naye vizuri."

Tangu hapo nasikia sauti yangu mwenyewe, na inanitisha kuliko kemia.

Mama nashindwa kumkabili. Nenda wewe ukamwambie kuwa sitafundisha. Ila nakuomba, usimzungushie.

Mwanao,
Sitsofe