Kwa Vincent Wangila, Mkulima wa Masizi
Eldoret, Februari 2013

Mwaka umetimia, Baba, tangu presha ikuchukue ghafla ukinywa chai ya saa nne, na nyumba bado haijazoea ukimya wako.

Ulikuwa mtu wa utani. Ukiulizwa kazi yako chuoni ulisema wewe ni mkulima wa masizi, na hukudanganya sana. Ulishikiza chembe za chuma juu ya unga mweupe, ukaziweka kwenye tanuri, ukapitisha gesi yenye kaboni, na kila chembe ikaotesha uzi mweusi wa kaboni, mwembamba kuliko unywele maelfu ya mara. "Chembe isiposhikwa vizuri na unga wake inatangatanga, inagandana na zingine, na hakuna kitu kitamea," ulituambia mezani, huku Mama akikufukuza ukanawe mikono kwanza.

Mikono hiyo nusura ikuue. Januari ile ya 2008, baada ya kura, watu walipochomeana nyumba na moshi ukapanda mjini, tanuri lako lilikuwa bado moto. Hukuthubutu kulifungua, maana hewa ingeingia na nyuzi zote zingeteketea. Ukangoja lipoe, ukavuna, ukatoka mbio bila kunawa kwa sababu maji yalikuwa yamekatika. Kwenye kizuizi cha barabarani, vijana wenye mapanga wakakushika mikono iliyojaa masizi.

"Wewe umetoka kuchoma nyumba ya nani?"

Fundi wako Kimutai alikuwa nyuma yako. Akawapigia kelele kwa Kikalenjin kwamba wewe ni mwalimu wake, na weusi ule ni wa maabara. Wakakuachilia. Ulifika nyumbani, ukajaribu kucheka ili tusilie.

Sasa kura zimekaribia tena, na tunaogopa, Baba. Hatukufichi. Majirani wanahama mmoja mmoja bila kuaga. Mama alimpigia Kimutai simu, akitumaini atamtuliza kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Kimutai akamjibu:

"Mama, mimi mwenyewe nimepeleka watoto Ziwa, kwetu kijijini."

Kwa hivyo Ijumaa tunaondoka kwenda Bungoma, kwa ukoo wako. Wewe ulikataa kuzikwa huko. Ulitaka kulala hapa, kwenye shamba ulilonunua kwa jasho lako, na wazee wa ukoo wakanung'unika sana, lakini tukakutii. Sasa tunakuacha hapa peke yako, na hatujui tutarudi kukuta nini. Utusamehe.

Unakumbukwa na mkeo Hellen Musimbi, wanao Nangila na Felix, mjukuu wako Ashley, na Kimutai.

Popote tutakapokuwa, Baba, hatutakusahau.