Kufuli Lililokatwa Siku ya Kwanza ya Insulini Mpya

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho kilichoambatishwa; nyumbani na mtaani huitwa Kitinda
Umri: miaka 26
Kazi: msahihishaji wa prufu katika kampuni ya uchapaji
Makazi: nyumba ya pembeni, mkabala na karakana ya kuchomelea vyuma
Uhusiano na mtuhumiwa: jirani

Nimeelezwa kwamba nikisema uongo ninaweza kushtakiwa, nami nimeelewa. Naanza na lililo muhimu. Fundi aliyekaa kwenye benchi lenu, tunayemwita Spana, hakuvunja nyumba ya mtu. Alikata kufuli la kwetu kwa sababu mimi nilimwambia akate.

Naishi na mama yangu, mshona nguo, mwenye umri wa miaka 58. Ana kisukari kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Muda wote huo amekuwa akijichoma insulini moja ya muda mrefu, yuniti 15 asubuhi na 15 jioni. Mwezi uliopita kliniki ilitujulisha kwamba watengenezaji wameacha kuitengeneza. Jana, Jumatatu tarehe 13, saa 3:30 asubuhi, daktari alimwandikia nyingine: yuniti 24, mara moja kwa siku, kuanzia asubuhi ya leo. Mama alihesabu kwa vidole.

"Daktari, mbona nimepunguziwa sita?"

Daktari alimweleza kwamba dawa hizi mbili si pacha. Mtu huanza na kidogo, kisha huongezewa wakishaona vipimo vyake. Alisisitiza asiichanganye ya zamani na mpya, kwa kuwa sukari inaweza kushuka hadi azimie. Mama alisema ameelewa. Njiani akaniambia, "Kwenye kitambaa cha gauni ukipunguza hivyo, unashona blauzi." Nilicheka. Lakini maneno yale hayakunitoka, maana jokofuni zilikuwa zimebaki kalamu mbili za kujichomea insulini ya zamani, na mama yangu hajawahi kutupa hata kipande cha bitana.

Leo tarehe 14, saa 1:00 asubuhi, alijichoma yuniti 24 mbele yangu. Tulikubaliana apime sukari saa 4:00 asubuhi na saa 10:00 alasiri, anitumie namba kwa ujumbe. Saa 4:00 ilikuja: 8.2. Nikapiga simu kuuliza kama ni 8.2 kweli. Napenda iandikwe kwamba hadi saa 6:00 mchana nilikuwa nimempigia mara kumi na moja. Idadi hiyo sikuijua mpaka aliponionyesha.

Saa 10:00 ujumbe haukuja. Saa 10:05 simu yake haikupatikana. Nilikuwa nasahihisha kitabu cha hesabu cha darasa la nne, na kila jibu nililosoma niliona ni sita. Niliacha ukurasa katikati nikakimbia nyumbani. Ni dakika kumi na mbili kwa miguu. Geti la nondo mlangoni lilikuwa limefungwa kwa kufuli upande wa ndani. Nilibisha, nikaita. Mchana cherehani ya mama hainyamazi, labda awe msibani. Leo ilikuwa kimya.

Saa 10:20 nilivuka barabara.

"Spana, njoo ukate."

"Nikate nini, dada?"

"Kufuli. Mama yuko ndani haitiki."

Hakuuliza la pili. Alivuta waya wa umeme kutoka karakana, akavaa miwani yake myeusi, akawasha grenda. Mimi nikazunguka nyuma kugonga dirisha la chumbani. Ndiyo maana jirani yetu, mwalimu mstaafu, alipochungulia alimwona Spana peke yake, akawapigia simu ninyi polisi. Simlaumu. Ukimtazama Spana na ile miwani, hata mimi ningepiga.

Kufuli lilianguka saa 10:32. Nilimkuta mama amelala sakafuni juu ya mapazia ya mteja, kando ya cherehani, kiganja chini ya shavu. Kipima sukari kilikuwa mezani. Kabla hata sijamwita, nilimtoboa kidole. Ilisoma 6.4, namba nzuri, naye akafumbua macho.

"Wewe mtoto, mimi nimekuwa kitambaa?"

"Umechoma ngapi, mama?"

"Ishirini na nne. Si ulikuwepo?"

"Na kalamu za zamani?"

Alinionyesha jokofu. Zilikuwa ndani ya kifuko cha jinzi kilichoshonwa pande zote nne, mshono mara tatu, bila zipu wala kifungo.

"Nimezishonea humo jana, nesi azichukue Ijumaa," alisema. "Najijua mimi. Ningesema niongeze kidogo tu. Kuufumua mshono wangu ni nusu saa, na katika nusu saa hiyo akili ingenirudia."

Nilikaa chini. Nimesoma kila karatasi iliyokuja na dawa ile, hata maandishi madogo ya nyuma, na siku nzima nimemlinda mama dhidi ya jambo alilokwisha kulimaliza kwa sindano na uzi. Nililia kidogo. Yeye aliniambia kwamba jana hakupata usingizi kwa kuiwaza dawa mpya, na leo simu ilikuwa inalia kama king'ora, kwa hiyo aliizima akalala.

Saa 10:40 askari wawili walimkuta Spana mlangoni na grenda mkononi. Mama alitoka na pazia begani akawaambia, "Huyu ni mgeni wangu, ila leo amesahau kupiga hodi." Askari mmoja alikohoa kuficha kicheko. Hata hivyo walimchukua, na mama akapanda gari nao bila kualikwa.

Sina lalamiko juu ya Spana wala mwalimu. Kama kuna aliyekosea ni mimi, niliyemhesabu mama yangu kuwa mtu asiyejijua. Naomba fundi aachiwe. Niliyoyaona na kuyafanya leo ni hayo, nimeyasoma na ni yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maandishi ya afisa: Nimeandika maelezo haya kuanzia saa 11:15 hadi 11:50 jioni. Shahidi aliyasoma mwenyewe, akaongeza mikato saba, na hakutia sahihi mpaka nilipokubali yote. Mwalimu mstaafu amethibitisha kwa simu kwamba kutoka kwake upande wa nyuma hauonekani. Hakuna kosa lililobainika. Fundi ameachiwa saa 12:05 jioni. Saa 12:10 mama wa shahidi alipima sukari mezani kwangu. Ilisoma 7.1. Alitaka iandikwe hapa na kugongwa muhuri, kisha akamwambia binti yake, "Umeona. Sasa usinipigie hadi kesho." Imeandikwa. Muhuri umegongwa.