Rangi ya Kwanza ya Kobe

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele,
Jumapili, mvua imekatika.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Wifi hajambo? Mapacha wamepona kikohozi? Sisi tunamshukuru Mungu. Baba magoti bado yanamsumbua, lakini chakula hakimshindi na ulimi wake uko pale pale. Shangazi amesimama nyuma yangu kuhakikisha salamu zake zinatangulia, basi zipokee. Mimi ni mzima. Kazi yangu ya kufundisha udereva ni ile ile: asubuhi hadi jioni nakanyaga breki kwa makosa ya watu.

Sasa kaa vizuri. Habari yenyewe ni ya Kobe, gari la Baba, na sikutaka uisikie kwa mtu atakayeitia sukari.

Unajua Kobe alivyokuwa amekaa bandani miaka yote, kijivu, matairi yamelala. Kila nilipopata nafasi nilikuwa nashughulika na injini, mpaka siku moja ikawaka. Baba aliposikia ule mlio alitoka nje na mkongojo wake bila kushikwa mkono. Akasema anataka kulipanda tena, ila si na hiyo rangi ya sufuria iliyoungua. Anataka rangi iliyokuja na gari.

Kaka, hakuna aliyeijua. Mama, ambaye angetujibu huku anakuna nazi, hayupo. Shangazi aliapa ni nyekundu. Baba mwenyewe alianza na bluu, akahamia nyeupe, akachanganyikiwa, akakasirika. Mwisho akasema, "Mpigieni mwanangu simu. Yeye anajua."

Mwanangu! Na mimi wakati huo nimepiga magoti mbele yake, namkata kucha za miguu.

Ukapigiwa. Ukajibu, "Rangi ya maziwa," hata pumzi hukuvuta. Baba akapiga paja: "Si niliwaambia? Kichwa cha yule mtoto ni sanduku!" Kila mgeni aliyeingia siku ile alisimuliwa habari za sanduku hilo.

Nikufiche nini? Niliona wivu. Kliniki nampeleka mimi. Usiku akikohoa naamka mimi. Wewe ni sauti ya simu tu, lakini sauti hiyo ikisema maziwa, nyumba nzima inakunywa maziwa.

Basi nikampeleka Kobe kwa Msasa, yule fundi rangi wa jirani na wauza matairi. Nikamwambia atafute rangi ya kwanza. "Kaka yangu anasema ni ya maziwa," nikamwambia, "lakini naomba Mungu isiwe."

Akacheka. "Dada, kazi yangu kukwangua. Ugomvi mtamaliza wenyewe."

Kile kibati cha boneti chenye namba ya rangi kilikuwa kimeliwa na kutu. Akachukua msasa laini na maji, akaanza kusugua bawa la mbele, lile bati la juu ya tairi, taratibu, mahali padogo kama sarafu. Rangi zikajitokeza kwa miduara kama kitunguu kilichokatwa: kijivu, halafu nyekundu ya Shangazi, halafu, Kaka, maziwa. Chini ya maziwa, bati tupu. Nilijisikia kama mtu aliyefeli mtihani aliojitungia mwenyewe. Nikamwambia basi, paka hiyo, yaishe.

Msasa akatikisa kichwa. Akasema nje ya gari ni uso, na uso husuguliwa kabla ya kupakwa upya; huenda aliyetangulia alikwangua kila kitu. Akafungua mlango, akang'oa lile gamba la ndani, akamulika na tochi. Akaniita.

Kijani. Kijani cha ganda la njegere mbichi, kimetulia mle ndani ambamo jua halijawahi kuingia, na chini yake rangi ya msingi tu, ile nyekundu-kahawia ya kiwandani. Tukanyanyua kiti cha nyuma: kijani. Tukachungulia nyuma ya dashibodi: kijani. Nilipiga kigelegele mle gereji hadi wauza matairi wakaja kuuliza nani anaolewa.

Msasa alinifungulia kipande kidogo cha bati kutoka ndani ya mlango, nikampelekea Baba. Sikutembea, nilipaa. Akakishika karibu na dirisha, akakigeuza. Kisha akasema, "Ndiyo hii. Mama yenu ndiye aliyeichagua."

Nikasubiri aseme kwamba umekosea. Badala yake akaanza kutabasamu. Akasema ulipoanza shule wenzako walikucheka kwamba unaletwa na chura. Ulilia wiki nzima, hukutaka kula. Basi akaliondoa rangi gari zima, akalipaka ya maziwa, kwa ajili yako.

Gari zima, Kaka! Mimi nililia nikitaka viatu vyekundu nikaambiwa machozi yanasafisha macho.

Halafu akanirudishia kile kipande. "Wapake ya maziwa," akasema. "Kaka yako akija, afurahi."

Hapo ndipo ulimi uliponiponyoka. "Baba, aliyeko ni mimi."

Sikupaza sauti, lakini Shangazi aliacha kufagia. Baba akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya nyumba yake mwenyewe. Nami nikatoka kwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Asubuhi nilimkuta amevaa koti, ameketi mlangoni. Akataka nimpeleke gereji. Kule alimwomba Msasa amfungulie mlango wa Kobe, akaupapasa ule ukijani wa ndani kwa kiganja chake, muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Wewe unapenda ipi?"

Sikumbuki lini niliwahi kuulizwa hivyo na Baba. Na ukweli, Kaka, kile kijani sikukipenda kwa uzuri wake. Nilikipenda kwa sababu wewe ulikikosa. Lakini nilipomwona alivyoweka mkono juu ya rangi aliyoichagua Mama, nilikipenda kweli. Nikasema, "Kijani."

"Basi kijani," akamwambia Msasa.

Jana tulilichukua, linang'aa kama jani baada ya mvua. Nikamzungusha Baba mtaa mzima, hadi barabara kubwa, hadi daraja. Watoto wakatukimbilia wakipiga kelele, "Chura! Chura!" naye akawapungia mkono kama rais. Nilikuwa na raha ambayo sijui kuiandika. Tulipogeuza kurudi nyumbani akaniinamia, akanong'ona, "Usimwambie kaka yako kwamba si ya maziwa. Atalia."

Ndiyo maana nakuandikia.

Nisalimie Wifi, mwambie kitambaa alichoniagiza nimekipata. Mapacha uwabusu kila mmoja peke yake, wasije wakagombania busu, nimejua yanakoishia. Shangazi anauliza kama bado unakoroma. Msasa naye anakusalimu, ingawa hamjuani. Anasema anakuonea huruma kuwa na dada kama mimi.

Mungu akulinde safarini na kazini, akupe afya na usingizi mwema. Na uje kabla magoti ya Baba hayajakataa kabisa. Utapandishwa Kobe, nimeshamwambia Baba. Utakaa kiti cha nyuma.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna.