Kipi Kinafaa Kufunika Kitalu

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na wanangu wote. Sisi huku tunasukuma siku, ingawa moyo wangu haujatulia.

Uliniuliza, kati ya vifuniko vitatu tulivyojaribu kwenye kitalu nyumba, kila kimoja kikifunika chumba chake, kipi kinafaa. Nailoni ilianza kwa mbwembwe: nyepesi, inapitisha mwanga, na nyanya zikarefuka kama zimeitwa. Lakini upepo ukiishika, kelele zake! Jirani aliniuliza kama nimefungua kiwanda. Kioo kilipendeza kuliko vyote. Upande ule ungedhani hauna paa. Plastiki ngumu ya tabaka mbili inafifisha mwanga kidogo, ila joto la mchana hubaki humo mpaka asubuhi.

Kisha ikaja mvua ya mawe na upepo mkali. Nailoni ilichanika, kioo kikamwagikia miche, nikawa naokota vipande na majani kwa pamoja. Plastiki ngumu peke yake ndiyo iliyosimama. Jibu lako ndilo hilo, kaka, na laiti barua ingeishia hapa.

Upepo uleule uliezua nyumba. Mama, ambaye kifua kilikuwa kimeshambana, nilimhamishia mahali pekee palipobaki pakavu: chini ya plastiki ngumu, katikati ya nyanya. Daktari wa zahanati alipofika alishika kichwa. Alisema unyevu wa mle utammaliza, nifungue matundu yote ya juu, mimea ipone au ife. Nikafungua. Baridi imezibabua nyanya zote, zimelala nyeusi, na mama bado anahangaika kupumua. Anatakiwa hospitali kubwa, lakini daraja limesombwa, magari hayapiti. Ni kumbeba kwa machela, na mimi nimebaki peke yangu.

Mama alinikataza kukuandikia. Alisema, "Mwache afanye kazi yake, mimi nitapona tu." Lakini leo asubuhi alifumbua macho, akaniita kwa jina lako, akanishukuru kwa kuja upesi. Nikaitika, kaka. Nikamwambia ndiyo mama, nimefika. Akatabasamu, akalala.

Sitaweza kuitika hivyo mara ya pili. Njoo.

Msalimie sana wifi, watoto wabusu, ila usiwaeleze yote. Daktari anavuka mto kwa miguu sasa hivi, ndiye ninayempa barua hii.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku